Pamba ya Ngumbao na Mbegu za Shemeji

Hii nimetumiwa asubuhi nikaisoma mara mbili. Nawatumia hasa nyinyi mnaowatazama mashemeji zenu kwa jicho la pembeni.

Palikuwa na mkulima wa pamba aitwaye Ngumbao. Mtu wa kushuku huyo, jamani! Ukimsalimia, anajiuliza unataka nini. Hata chai ya mkewe huinusa kwanza.

Shemeji yake Kalume, aliyemwoa Dama, dada yake Ngumbao, alikuwa akiuza mbegu mpya za pamba. Mbegu hizo zimetengenezwa kitaalamu, mche wenyewe ukawa na protini inayoua funza. Funza mchanga akila jani, kwisha habari yake.

Ngumbao akanunua, akapanda. Pamba ilipofunga vitumba, akakuta funza wamejaa, tena wanene, wanatoboa kila mche.

"Nilijua tu!" akafoka. "Kalume kaniuzia mbegu feki!"

Akatangaza kijiji kizima. Watu wakaacha kwenda dukani kwa Kalume. Haikutosha, akamwamuru Dama afungashe virago arudi nyumbani, eti hawezi kukaa na mume tapeli. Dama alilia hadi macho yakavimba.

Kalume aliomba jambo moja tu, mbegu zipimwe. Akaitwa mtaalamu, binti aitwaye Nyevu. Yeye husaga jani kwenye kichupa chenye maji, kisha huchovya kikaratasi. Mstari mwekundu ukikolea, kinga ni tele. Ukififia, kinga ni haba. Usipotokea, hamna kitu.

Siku ya kupima, watu wakajaa shambani. Ngumbao akamwona Kalume akimpa Nyevu maji ya kunywa. Akajisemea moyoni: Huyu keshanunuliwa!

"Baba, nitachuma majani machache huku na huku," akasema Nyevu.

"Thubutu! Uchague mnayoyataka nyinyi? Nachuma mwenyewe. Safu moja, mche baada ya mche, bila kuruka."

"Haya, baba."

Mche wa kwanza, mstari ukakolea. Watu wakaguna. Wa pili, hamna kitu.

"Mnaona?" Ngumbao akapiga makofi.

Wa tatu, ukakolea. Wa nne, hamna. Watu wakaanza kumsogelea Kalume. "Umechanganya mbegu, mwizi we!" Dama akajifunika uso kwa leso.

Nyevu alipima hadi mwisho wa safu, kisha akavipanga vikaratasi chini, watu wote waone. Mstari upo, haupo, upo, haupo, mpaka cha mwisho.

"Baba," akauliza, "mbegu zikichanganywa ndani ya mfuko, zitajuaje kupokezana shimo kwa shimo namna hii?"

Mke wa Ngumbao, aliyepanda naye, akashindwa kuvumilia. "Baba watoto, utasema mwenyewe au niseme mimi?"

"Niliogopa kupunjwa," Ngumbao akasema kwa sauti ndogo. "Shimo moja nikatia mbegu ya Kalume, shimo linalofuata mbegu yangu ya zamani. Nilitaka kulinganisha."

"Ndiyo maana tunakataza kuchanganya," akasema Nyevu. "Funza wamekulia kwenye miche yako ya zamani, wakanenepa, kisha wakahamia kwenye miche mipya. Kinga hii huua funza mchanga. Akishakuwa mkubwa, huistahimili."

"Kwa hiyo mbegu ya shemeji..."

"Ilikuwa nzima kabisa, baba. Mstari umekolea, nawe mwenyewe ukiona."

Watu wakatawanyika mmoja mmoja, wengine wakikwepa kumtazama Kalume. Ngumbao akamgeukia dada yake.

"Dama, nisamehe. Kaa kwa mumeo."

Dama akafuta machozi. "Kwa mume wangu sikuwahi kuondoka, kaka. Ni kwako ndiko sijui kama nitarudi."

Funzo: Ukimshuku mtu, mwulize usoni mapema. Ukiificha shaka yako na kumtega, utaharibu chako kwanza, kisha utamlaumu yeye.