Paji la Gari la Subilaga

Hapo zamani, na si zile zamani za sungura kuongea na fisi kuposa, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mjane aitwaye Subilaga katika kijiji cha Isyeto, kule Unyakyusa ambako mvua hainyeshi bali inahamia kabisa na watoto wake.

Subilaga alijulikana kwa vitu viwili. Cha kwanza ni mdomo. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Huyu mama angemtoa nyoka, angemkaribisha kiti, halafu angemtuma kisimani. Cha pili ni gari. Aliachiwa na marehemu mumewe, gari la chuma kitupu linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo enzi zake lilipita mahali ambapo mbuzi alisimama kwanza kuuliza njia. Lakini tangu mwenyewe afariki, gari lilikaa migombani likiota kutu. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Jogoo aliwika akiwa juu ya usukani, na waliokuwa mbali walidhani ni honi.

Sasa, juu ya kilima kiitwacho Chozi la Mbuzi kulikuwa na kijiji cha Itunge, na huko aliishi mama yake Subilaga, Bibi Atuganile. Nyonga zilikuwa zimemgomea bibi huyo, kutembea hawezi, kukaa kwenye pikipiki hawezi. Magari ya kawaida hayakufika, kwa kuwa barabara ililiwa na maporomoko. Mwanawe wa kiume aliyekuwa akimtunza alifariki, bibi akabaki na kuku wake. Siku moja mpita njia akamwambia Subilaga, "Mama yako ameanguka jikoni. Majirani ndio waliomwinua."

Subilaga alilia. Alimtaka mama yake chini ya paa lake kabla masika hayajaifunga njia. Hakutaka kingine duniani.

Akaliangalia gari. Kuku nao wakamwangalia yeye.

Hapa lazima niwaambie jambo moja la watu wale. Kwao, gari lazima liandikwe jina kwenye paji, pale juu ya kioo cha mbele. Ukiandikwa wewe, hata ukifa unaendelea kupita barabarani na watu wanakupisha. Na jina ni moja tu. Waliwahi kuwapo ndugu wawili walioandika majina yao yote mawili kwenye lori moja, na rangi ilikauka wakiwa hawasalimiani. Tangu hapo Lugano, mchoraji wa kijiji, ukimtajia majina mawili anafunga kopo lake na kuondoka.

Kwenye gari la Subilaga, kutu ilikuwa imekwisha kulila jina la zamani. Basi akaenda kwa Gwakisa, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa injini. Akamkuta chini ya gari la watu, miguu nje.

"Shemeji," akaiambia ile miguu, "injini ya kaka yako hakuna wa kuifufua ila wewe. Ukiniletea mama, jina lako litakaa kwenye paji la gari langu."

Miguu ikatoka haraka, na Gwakisa akatoka nayo.

Alifanya kazi, tusimnyime haki yake. Aliitoa injini, akaondoa viota, akaosha kila chuma na mafuta ya taa, akabadilisha kilichokufa, akabembeleza kilichokuwa mahututi. Alifungua mpaka difu, zile gia kubwa zilizo katikati ya magurudumu, ya mbele na ya nyuma, akaziosha zikang'aa kama sufuria za harusi. Injini ikanguruma.

Lakini iliponguruma, gari likalegea katikati. Chesisi, uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imeoza kama jino.

Subilaga akaenda kwa Tumpe, mwanamke mchomeleaji, ambaye hata kanisani alikuwa akikutazama kwa jicho moja, kwa mazoea.

"Mdogo wangu," akamwambia, "injini bila uti wa mgongo ni kelele tu. Gari hili liko mikononi mwako. Ukiniletea mama, jina lako litakaa kwenye paji la gari langu."

Tumpe akatafuta chuma kizito, hakukipata Isyeto nzima. Akarudi kwake, akalitazama geti la shamba lake, geti la mabomba mazito alilolitengeneza kwa mikono yake. Akaling'oa. Akalikata, akaliunganisha na chesisi, cheche zikaruka mpaka kuku wakahama kwa hiari yao. Tena akaongeza majani ya springi ili tumbo la gari liinuke juu ya mawe. Gari likasimama kifua mbele. Nyumbani kwake ng'ombe wa jirani waliona hakuna geti, wakaingia kwenye maharage, wakala, wakashukuru.

Sasa nani wa kuliendesha? Aliyewahi kukipanda Chozi la Mbuzi na gari alikuwa mmoja tu, Mzee Ambakisye, dereva mstaafu, mwenye hadithi nyingi kuliko safari.

"Baba," Subilaga akamwambia, "gari bila dereva ni banda. Njia ile iko kichwani mwako peke yako. Ukiniletea mama, jina lako litakaa kwenye paji la gari langu."

Mzee akavaa kofia yake ya udereva hapohapo, ingawa alikuwa anakula.

Mnamwona Subilaga? Kila alipoahidi, aliahidi kwa moyo mweupe. Kila mara mbele yake alikuwepo mtu mmoja tu, na nyuma ya mtu huyo alimwona mama yake ameanguka jikoni. Wale wengine aliwasahau, kama unavyomsahau mgeni wa jana ukimpikia wa leo.

Siku ya kulijaribu ikafika. Isyeto nzima ikaja migombani. Mzee Ambakisye akapanda, akasalimia umati, akatia gia namba moja.

Gari likarudi nyuma na kuangusha mgomba.

Mzee akakohoa. Akatia namba mbili. Gari likarudi nyuma kwa kasi zaidi, na umati uliokuwa nyuma ukawa umati uliokuwa mbali. Mwisho mzee akatia gia ya kurudi nyuma. Gari likaenda mbele, polepole, kwa heshima, kama bwana harusi.

Tumpe akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

Gwakisa akashika kichwa. "Difu," akasema. "Nilipoziosha, nilizirudisha kinyume. Zote mbili."

"Angalau hukupendelea," Tumpe akamwambia.

"Nipeni siku chache nizifungue tena."

Lakini siku chache hazikuwepo. Upande wa kilimani wingu lilikuwa limekaa, jeusi, na Subilaga alilitazama hilo wingu, hakulitazama gari. "Shemeji," akasema, na safari hii hapakuwa na utamu wowote mdomoni mwake, "mvua ikianza nitamwona tena mama yangu lini?"

Mzee Ambakisye akaivuta kofia yake. "Gari lina gia nne za kwenda kinyumenyume na moja ya kwenda mbele," akasema. "Basi tutakwenda kinyumenyume."

Na ndivyo walivyokwenda, asubuhi ileile. Mzee alikuwa amegeuza shingo nyuma kama bundi, Gwakisa pembeni yake akisikiliza injini, Tumpe na Subilaga nyuma, ambako sasa ndiko kulikokuwa mbele. Kila walipopita watu waliuliza, "Jamani, mnakuja au mnaondoka?" Tumpe alijibu, "Muulizeni fundi!"

Chozi la Mbuzi likawapokea kwa tope. Gurudumu moja likizama, matatu yalivuta. Mawe yaligonga mabomba ya geti la Tumpe, mabomba yakajibu, hayakupinda. Penye maporomoko, barabara ilibaki nyembamba kama mkeka wa mtu mmoja. Mzee akapita hapo na shingo yake nyuma, macho hayapepesi, na kwa mara ya kwanza maishani hakusimulia chochote.

Bibi Atuganile alikuwa amekaa nje ya nyumba yake. Akaliona gari linamjia kwa makalio.

"Subilaga mwanangu," akasema lilipofika, "mimi nilikufundisha kubisha hodi kwa uso."

Subilaga akaruka chini akamkumbatia. Alikuwa amekuwa mwepesi, mama yule, mifupa na kanga tu, na mkononi alikuwa na kovu la moto ambalo bintiye hakulijua. Subilaga akalia bila kujificha. Wakampandisha, na godoro lake, na kuku wake, kwa sababu alikataa kuondoka bila kuku. Hivyo kuku wakarudi garini, na wakakaa kama wenye tiketi.

Kuteremka, gari lilitangulia uso, kwa ile gia yake moja ya kwenda mbele. Walipofika mteremko mkali, akina mama waliokuwa wakichuma chai wakashangilia. Mzee Ambakisye alikuwa kimya tangu asubuhi, na kushangiliwa hakujawahi kumpita. Akatoa mkono dirishani akawapungia. Jiwe likapita chini ya gari. Kitu kikakatika.

Akakanyaga breki. Mguu ukaenda mpaka sakafuni na haukukutana na mtu.

"Breki hakuna," akasema kwa sauti ndogo.

Kushoto kulikuwa na bonde ambalo hata ukungu hauendi mpaka chini. Subilaga akamkumbatia mama yake, akafumba macho, akamwambia Mungu kwamba kama ni kumchukua leo, bora angemwacha kule jikoni kwake. Akangoja gari lianze kukimbia.

Halikukimbia. Ile gia ya kurudi nyuma, iliyokuwa inakwenda mbele kwa kosa la Gwakisa, ilikuwa nzito na ya polepole, nayo ikalishika gari kama mtu anayemshika ng'ombe mkia. Injini ikaguna, ikalalamika, haikuachia. Kawia ufike, walisema wazee, nao wakakawia, wakafika. Waliteremka Chozi la Mbuzi lote bila breki, kwa mwendo wa mgonjwa anayekwenda msalani. Pale uwanjani Isyeto, Bibi Atuganile akauliza, "Mbona dereva mzuri hivi hana haraka?" Hakuna aliyemweleza mpaka alipokwisha kula.

Asubuhi yake Lugano mchoraji akaja na kopo la rangi nyekundu. Nyuma yake akaja Gwakisa, kavaa shati la kanisani. Nyuma yake Tumpe, kavaa kitenge kipya. Nyuma yake Mzee Ambakisye, kofia imepigwa brashi, shingo bado imetazama nyuma kidogo.

"Karibuni," Subilaga akasema. Halafu akawaona wote watatu kwa pamoja, na akakumbuka alichosema kwa kila mmoja. Ahadi ni deni, nanyi mnajua.

Gwakisa akasema, "Shemeji, injini ilikuwa maiti. Nani aliifufua? Mimi. Na breki zilipokufa, nani aliwashika? Difu zangu."

"Ulizifunga kinyume!" Tumpe akasema.

"Kosa langu limemwokoa mama. Kosa la nani hapa limewahi kumwokoa mtu?"

Tumpe akasema, "Dada, chuma kilikuwa kimeoza. Nani alikipa mgongo? Mimi. Gwakisa alitoa jasho, mzee alitoa shingo. Mimi nimetoa geti langu, na maharage ya mwaka mzima yako tumboni mwa ng'ombe wa watu."

"Na hilo geti lako," Gwakisa akamjibu, "ndilo lililosukuma bomba la breki chini. Bomba lingekuwa mahali pake, jiwe lisingelifikia."

Tumpe akakuna kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mzee Ambakisye akasema, "Mwanangu, gari lilikuwa limesimama tu. Nani alilipandisha kilimani kinyumenyume? Mimi. Kati ya hawa, ni nani angepita pale penye maporomoko?"

"Hakuna," Tumpe akakiri. "Lakini jiwe uliligonga ukiwapungia wanawake."

"Walinipungia kwanza," mzee akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Nami niwe mkweli. Ningekuwa na gia zangu zote, ningeteremka na namba tatu, kama ujanani. Leo watu wangekuwa wanatuimbia makaburini."

Akawa amempa Gwakisa alama bila kutaka. Gwakisa, badala ya kuichukua, akasema polepole, "Na mimi peke yangu nisingelivusha hata kwenye mfereji wa hapo nje."

Wote wakamgeukia Subilaga.

Msiniambie liandikwe jina la bibi. Waliliuliza hilo, na Bibi Atuganile akajibu kutoka mlangoni, "Mimi nilikuwa mzigo pamoja na kuku. Mzigo hauandikwi." Halafu akamtazama bintiye. "Mdomo huo nilikupa mimi, mwanangu. Haya, utumie."

Lugano akachovya brashi. Tone jekundu likaangukia boneti. Akapanda juu ya kigoda, akaiweka brashi karibu na paji la gari, akangoja. Mama yake Subilaga alikuwa pale mlangoni, mzima, ameshika kikombe cha maziwa, na watu watatu waliomfikisha walikuwa wamesimama uani, na Subilaga aliwapenda wote mpaka kifua kikamuuma. Akafungua mdomo, ule wa kumtoa nyoka pangoni. Neno halikutoka.

Basi semeni nyinyi, maana rangi inakauka na mkono wa Lugano unachoka. Yule aliyelifufua na kulikosea, yule aliyelipa mgongo kwa geti la shamba lake, au yule aliyelipandisha akitazama nyuma: je, nani alistahili jina lake kwenye paji la lile gari?