Pimbi Aliyetaka Mwili wa Tembo

Sogeeni, na hasa wewe unayechungulia sahani ya mwenzako. Hadithi hii ni yako.

Palikuwa na Pimbi, mdogo kama sungura, aliyeishi na watoto wake kwenye ufa wa jabali. Kila jioni Tembo alipita hapo chini akienda mtoni, na wanyama wote walimpisha. Pimbi akaona wivu, ule wivu wa kukosesha usingizi.

Akamwendea jini wa jabali. "Nipe masikio kama yake." Akapewa.

Watoto wakamwita, "Mama, ingia tulale, baridi inatuuma."

"Bado ananizidi," akasema, akarudi kwa jini. "Nipe mkonga." Akapewa.

"Mama, ingia tulale, baridi inatuuma."

"Bado ananizidi." Akarudi tena. "Nipe mwili wote."

"Huo ukishauvaa hauvuliki," jini akamwonya.

"Nipe tu."

Akapewa. Akateremka mtoni, wanyama wakampisha, akasimama ubavuni mwa Tembo. "Haya, sasa unanizidi nini?"

Tembo akamtazama kwa huzuni. "Mimi sina mtoto. Nilikuwa napita pale kila jioni niwaone wako wanavyolala wamekupanda mgongoni. Nilikuonea wivu mpaka maji hayapiti kooni."

Pimbi akakimbia nyumbani. Ufani ikaingia ncha ya mkonga, basi. Akaita watoto wake kwa majina.

Wakajikunyata kule ndani, wakamjibu, "Tuondokee hapa. Tunamsubiri mama."

Hadithi yangu imekomea mlangoni pale. Wewe, kula chakula chako.