Machicha Yaliyoua Seli

Sogeeni. Wasio na kazi kama mimi wakae mbele, sisi muda tunao. Wenye kazi wasimame. Viti wamekalia vya kutosha.

Walikuwapo watu watatu. Mama Mbeyu, mganga wa Kilifi, aliujua mti. Awuor wa maabara alijua kuziweka seli hai. Daktari Muthoka alijua kuchambua dawa, na alijua kwamba anajua.

Mama Mbeyu alileta gome ambalo kwao huwapa wagonjwa wa damu. Muthoka akalitwanga, akaliloweka, akalichuja, machicha akatupa. Maji yake wakazimiminia seli za saratani ya damu. Wapi! Zikanawiri kama zimenyweshwa uji.

"Mama, mti wako ni kuni tu."

"Machicha umeweka wapi?"

"Nimetupa."

"Ala! Mwanangu, hii si nazi. Hapa tui ndilo la kumwaga!"

Awuor akafungua friji. Ana digrii, first class, na mwaka wa nne huo yuko pale kwa kujitolea, yaani bure. Machicha alikuwa ameyaokota. "Sorry, Daktari. Mimi na vitu vya kutupwa tunaelewana." Tena ni yeye aliyezilisha zile seli kila baada ya siku mbili, hata Krismasi. Zingekufa, wangejaribia dawa wapi?

Muthoka naye, tusimnyime haki yake hata kama roho inatuuma, aliyachambua yale machicha miezi tisa, mafungu arobaini, mpaka fungu moja likaua seli za saratani na kuziacha salama zile zenye afya. Pale hakuna mwingine angeweza.

Ndipo ikaja fomu ya wafadhili. Mvumbuzi: jina moja. Huyo ataongoza utafiti, wengine watashukuriwa.

"Aandikwe mwingine," akasema Mama Mbeyu, "halafu mti mkautafute wenyewe."

"Na njia ya kuichambua dawa iko humu," akasema Muthoka, akalifungia daftari lake kabatini.

Awuor alivua koti jeupe, akalitundika mlangoni, akatoka. Seli zililishwa juzi.

Na wewe wa nyuma unayecheka, please, usiniambie "wote watatu". Nafasi ni moja. Siku zote huwa moja. Seli zina njaa, kalamu hii hapa. Haya, wewe ungeandika jina la nani?