Mnara Usiosikia

Wapendwa, kaeni vizuri niwaambie habari ya mjane mmoja na mnara wa simu.

Palikuwa na mhandisi kijana, Heriel, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga mitandao ya simu: mnara usimame wapi, uwe na nguvu kiasi gani, uhudumie watu wangapi. Vijiji vya nyuma ya mlima vilikuwa vikilalamika kwamba havina mtandao, na mnara mwingine haukuwezekana mwaka huo. Heriel akapiga hesabu, akauongezea nguvu mnara uliokuwepo. Kwenye ramani yake vijiji vile vikageuka kijani, rangi ya penye mtandao. Wakubwa wake wakampongeza.

Huko nyuma ya mlima aliishi Mama Mbonea. Mwanawe wa pekee, Mbonea, alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, safari ya siku mbili. Kila Jumapili baada ya ibada, mama alipanda mlima na magoti yake mabovu mpaka pale simu inaposhika, wakazungumza. Jumapili moja Mbonea alimwambia kwamba ameoa huko huko, bila kumleta binti nyumbani. Mama alimjibu kwa ukali, akakata simu. Wiki nzima ikamuuma. Akasema moyoni, Jumapili nitampigia yaishe.

Kabla ya Jumapili hiyo, akiwa jikoni, aliitazama simu yake akaona mistari ya mtandao imejaa. Akamshukuru Mungu, akapiga pale pale. Simu haikwenda. Kesho yake akajaribu tena, haikwenda. Mlimani hakupanda tena, maana mtandao ulikuwa umemfuata nyumbani. Akangoja apigiwe, haikulia. Majirani zake wachache walidhani simu zao ndizo mbovu. Lakini yeye mtandao aliuona kwa macho yake. Sasa kama mtandao upo na mwana hapatikani, mama aelewe nini? Wewe ungeelewa nini?

Alielewa kwamba mwanawe amemsusa. Hakumwambia mtu. Alichambua maharage simu ikiwa mapajani, na kila baada ya siku mbili aliipeleka kuchaji kwa jirani mwenye sola, isije ikazimika siku ambayo mwanawe atakumbuka.

Ukapita mwaka na miezi miwili. Kule mjini Heriel akapitia takwimu, akakuta vijiji vile karibu havipigi simu kabisa. Akawaza kwamba pengine watu wale hawana wa kumpigia, mnara mpya waliopangiwa uende kwingine. Ila kabla hajawafuta kwenye mpango, aliona afadhali akajionee. Ndivyo alivyofika kwa Mama Mbonea, akamwuliza simu yake inafanyaje kazi.

"Simu ni nzima, mwanangu," mama akasema. "Mtandao umejaa. Ni mtu wangu tu ndiye hanitaki."

Heriel akamwomba apige mbele yake. Alipoona mistari imejaa na simu haitoki, akaelewa. Ndugu zangu, simu si redio. Redio inapokea tu. Simu lazima nayo ifikishe sauti yake mnarani, na nguvu yake ni ya betri ndogo ya mkononi. Heriel alikuwa ameupa mnara sauti kubwa, hakuupa masikio. Simu ya mama iliusikia mnara, lakini mnara haukuisikia simu ya mama. Kwa hiyo hata mwanawe alipopiga, aliambiwa mama yake hapatikani.

"Hajakususa, mama," Heriel akasema. "Kosa ni langu."

Akampandisha kwenye gari mpaka juu mlimani. Mama akapiga, ikaita mara moja tu, ikapokelewa. Mwanaume mzima akaanza kulia. Mbonea alikuwa amepiga kila Jumapili, hata akaamini kwamba mama yake hamtaki tena kwa sababu ya ile ndoa.

"Mama, una mjukuu," akasema. "Anatambaa. Tumempa jina lako."

Mama akaketi kwenye nyasi. Aliomba simu isogezwe karibu na mtoto, akasikiliza anavyopumua, muda mrefu.

Heriel alirudi mjini akataka nguvu ishushwe, watu wapande mlimani kama zamani mpaka mnara wa pili ujengwe. Wakubwa wake wakamwambia ramani itapungua.

"Ipungue," akajibu. "Wale tuliwaandika kwamba tunao, na hatukuwahi kuwasikia."

Sasa nawageukia ninyi, na mimi nikiwemo. Tumefunga vipaza sauti vipya. Mahubiri yanasikika mpaka ng'ambo ya bonde, tukapeana mikono kwamba kanisa limeenea. Nani ameuliza sisi tunasikia mpaka wapi? Kuna dada aliyeacha kuja tangu Pasaka. Tulisema hana haja nasi. Tulijuaje? Kuna mzee amekaa hapa hapa ndani, anatusikia vizuri kila Jumapili, na amekuwa akituita mwezi wa tatu huu. Hakuna aliyeitika, na sasa ameanza kuamini kwamba Mungu mwenyewe amemchoka.

Leo sihubiri zaidi ya hapo. Nazima kipaza sauti hiki. Mgeukie aliye karibu nawe, umwulize hali yake, kisha unyamaze mpaka amalize.