Mwalimu Aliyesoma Hadithi Isiyokuwepo

Wapendwa, funikeni vitabu vya nyimbo kidogo mnisikilize. Kuna mwalimu mmoja nataka mkae naye leo. Mzee wa darasa la tatu, kabakiza miaka miwili astaafu. Ukimwona hivi ni mzima kabisa: shati limepigwa pasi, chaki mfukoni, sauti inafika mpaka kwa jirani. Lakini macho yamekwenda. Mtu anamwona, mlango anauona, ila herufi zimekuwa kama siafu waliomwagiwa maji, zinatawanyika tu. Na hajamwambia mtu. Hata mkewe hajui.

Kwa nini kaficha? Wewe ungesema? Mwalimu asiyeweza kusoma atafanya nini shuleni, agonge kengele? Alijua siku wakigundua tu, wanamtoa. Na nyumbani wapo wajukuu wanne wanaokula kwa chaki ile.

Sasa alifundishaje? Kwa kichwa. Kitabu cha kusoma cha darasa la tatu kakifundisha miaka ishirini na mbili, kakimeza chote. Anakishika mbele ya uso, anageuza ukurasa, anakariri, watoto wanaitikia. Madaftari je? Kila daftari analitia vema, hata la yule aliyechora kuku badala ya kuandika.

Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu kama yeye ila mdogo kwake, kazi yake kuzunguka mashuleni kuwasaidia walimu wenzake. Alikuja na fomu. Anakaa nyuma ya darasa, anaandika, kipindi kikiisha anamwita mzee kando. "Mwalimu, unawakaririsha mno hawa. Mwalimu, na madaftari vipi? Wapange kwa vikundi, mwalimu, siku hizi mambo yamebadilika." Mzee anajibu, "Sawa." Na lile? "Sawa, mwalimu." Anatia sahihi pale anapoonyeshwa kwa kidole, mama anapanda pikipiki, huyo. Mara nne mwaka mmoja. Wenzake ofisini wakamtungia jina, Mwalimu Sawa. "Mwalimu Sawa, chai haina sukari leo!" "Sawa." Wanacheka, naye anacheka nao. Afanyeje?

Mwaka uliofuata vitabu vikabadilishwa. Vikaja vipya, maboksi kwa maboksi. Jumatatu nzima ikaishia kugawa na kuvifunika kwa magazeti. Mzee kapokea chake, kakigeuzageuza, akajisemea moyoni: kitabu cha darasa la tatu ni kitabu cha darasa la tatu, watakuwa wamebadilisha picha tu. Mnaona hapo alipoteleza?

Jumanne saa nne yule mama akaingia. Mara hii hana fomu. Kakaa dawati la mbele kabisa, kabanana na watoto. Mzee akashika kitabu chake kipya. Akafungua ukurasa wa kumi na mbili, akakohoa, akaanza kwa ile sauti yake:

"Mbuzi wa Bibi alikata kamba, akaingia shambani!"

Hakuna aliyeitikia.

"Nimesema, mbuzi wa Bibi alikata kamba!"

Kasichana kamoja kakanyoosha kidole. "Mwalimu, hapa hakuna mbuzi."

"Kaa chini."

"Hapa kuna daktari wa meno, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mzee akakageukia kale kasichana. Akasema, "Haya, si unajua sana wewe? Simama umsomee mgeni." Kasichana kakasoma. Na mzee akageuka, akachukua dasta, akaanza kufuta ubao. Anafuta, anafuta. Ubao wenyewe haukuwa na kitu.

Yule mama akaona.

Kipindi kilipoisha wakakaa kwenye benchi nyuma ya darasa. Sasa mama huyu alikuwa katoka semina, wamewafundisha mtindo mpya: ukimfuata mwalimu mwenzio usimmwagie makosa yake. Muulize, halafu funga mdomo wako. Kwake ilikuwa adhabu, maana alizoea kusema.

"Mwalimu," akasema, "leo sina la kukwambia. Niambie wewe. Kipi kinakuelemea mle ndani?"

"Hakuna. Sawa tu."

Mama kanyamaza. Mzee akangoja aendelee kama siku zote, amkaripie, amwambie vikundi, yaishe. Makaripio alishajua kuyapokea. Kimya hiki hakukijua. Watoto wanapiga kelele uwanjani.

"Mbona husemi?" mzee akauliza.

"Nakusikiliza, baba."

"Nimesema nini mpaka unisikilize?"

"Bado hujasema."

Mzee akatazama mikono yake, ina vumbi la chaki mpaka kwenye kucha.

"Sioni, binti yangu. Herufi sizioni. Mwaka wa pili huu." Halafu akamshika mkono kwa nguvu. "Utaandika? Niambie kweli. Ukiandika, nimekwisha."

Mama akafungua mkoba. Akatoa fomu zake nne za mwaka jana, zimekunjwa, akazishika tu, hakuzikunjua. Machozi yanamtoka.

"Nimeshaandika, mwalimu. Mara nne. Nimeandika mzembe. Nimeandika hapendi mabadiliko. Ukweli sijauandika hata mara moja."

Mwalimu mkuu alipoambiwa, akatoa ruhusa ya matibabu palepale, wala hakufikiria kumtoa mtu kazini. Alhamisi mama akampakia mzee kwenye pikipiki yake mpaka hospitali. Daktari akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudia la kushoto. Akazima tochi.

"La kulia tutaliokoa," akasema. "La kushoto limekwisha. Mngekuja mwaka jana, yote mawili yangepona."

Mwaka jana!

Wapendwa, mwaka jana yule mama alikaa kwenye darasa lile mara nne. Ana kalamu, ana fomu, ana ushauri mzuri. Jicho likafa mbele yake, hatua kumi, akiandika.

Nawaona wengine mmeshamhukumu mzee. Eti si angesema mwenyewe? Angesema saa ngapi, jamani? Nani alimwachia nafasi ya kusema?

Mzee mwacheni. Nazungumza na sisi, watu wa kutembelea wenzetu. Tunakwenda kwa mkwe aliyeacha kuja kanisani, tunamwanzia mlangoni. Tunakwenda kwa kijana aliyerudia pombe, tumebeba majibu gunia zima. Tunasema, tunasema, tunaomba, anatujibu "sawa, mama", tunarudi nyumbani tumeridhika kwamba tumemhudumia. Tukifika kwa majirani tunasema, yule ni mkaidi, tumeshamwonya mara nne. Mungu anayajua yetu yote kabla hatujafungua kinywa, na bado anakaa anatungoja tuseme. Sisi tusiojua kitu haraka ya nini?

Leo mkitoka hapa, kila mmoja ana mlango wa kwenda kupiga hodi. Unaujua ni upi, usijifanye. Nenda. Muulize neno moja tu, kisha nyamaza. Ulimi ukikuwasha, uume. Kaa hapo hata chai ipoe, hata jua lizame, mpaka yeye aseme.

Maana huenda kwake limebaki jicho moja.