Pimbi Aliyesema Kweli na Duara la Kakakuona

Nikiita, mnaitika?

*Tunaitika kwa sikio moja, la pili linalinda nyumba.*

Nimebeba ngano.

*Itue, tuipepete wenyewe.*

Na pumba nimpe nani?

*Tupe sisi. Punje kale mwenyewe.*

Basi hapo kale, kabla ya leo lakini baada ya ofisi kuwapo, kila mnyama alijua habari za Duara la Kakakuona. Duara, kwa ambaye hajakaa machimboni, ni shimo la kuchimbia dhahabu. Walisema Kakakuona wa zamani alichimba duara lake peke yake, likatema dhahabu mpaka magamba yake yakang'aa. Kisha akalifukia, akajikunja kama mpira, akafa bila kusema ni wapi. Kila ukoo ulikuwa na babu aliyekaribia kuliona. Ukoo wenye babu aliyeliona haukupatikana.

Aliyelitafuta kuliko wote ni Kifaru. Macho yake hayakuwa na nguvu, lakini pembe yake ilikuwa sururu na shingo yake ilikuwa mpini. Alichimba bonde, dho, dho, dho, hakupata. Alichimba ukingo wa mto, dho, dho, dho, hakupata. Kila alipokosa alisema, "Basi liko mbele," akaenda mbele, na nyuma yake wanyama wakabaki wanatumbukia.

Mwisho akafika Kilima cha Majabali, kwao pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, kama paka aliyenyimwa mkia. Hukaa katika nyufa za mawe, yeye na wajomba na mashangazi na mashemeji, na asubuhi huota jua pamoja, ubavu kwa ubavu. Pimbi akiwa ndani ya ufa wake, tai humwona na kupita zake. Pimbi asiye na ufa ni kitoweo kinachosubiri kuokotwa.

Kifaru akasimama chini ya kilima, akainua karatasi yenye muhuri.

"Kilima ni changu kwa leseni. Mwezi ukiandama nisimkute mtu."

"Na sisi twende wapi, mzee?" akauliza pimbi mmoja, ambaye ndiye mwenye ngano hii.

"Karatasi haikusema."

Pimbi akaenda Ofisi ya Vilima na Mashimo. Afisa alikuwa Kongoti, yule ndege mrefu mwenye upara, anayevaa koti hata jua likiwa la utosi. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, maana wa pili ulikuwa likizo.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Una leseni ya kilima?"

"Sina. Sisi tunaishi tu pale."

"Kuishi tu," akasema Kongoti kwa upole, "si matumizi yanayotambuliwa na ofisi."

"Tangu enzi za mababu."

"Basi ni kosa la muda mrefu. Mimi nisingelitaja mbele ya afisa."

Pimbi akatafakari. "Na Kifaru akitaka kuchimba pengine?"

"Mwombaji mmoja, leseni moja. Akitaka pengine, arudishe hii. Na kilima kikirudishwa, kinafungwa. Hakichimbwi tena na yeyote, kwa sababu jalada lake linakuwa limeshajaa."

Pimbi akashukuru, akarudi nyumbani polepole, anawaza. Hakuwa na pembe. Hakuwa na jamaa ofisini. Alichokuwa nacho ni kuwajua wachimbaji, kwa kuwatazama tangu utoto akiwa juu ya jiwe. Mchimbaji aliyekosa huongea: husimulia mwamba aliouona, ndoto aliyoota, mganga aliyemlaghai. Aliyepata hunyamaza. Hutembea akiangalia huku na huku, hufunika mzigo wake, na akiulizwa husema hakuna kitu. Machimboni kote hiyo ndiyo habari inayoaminika, kwamba hakuna kitu.

Asubuhi Pimbi akachukua karai, akashuka mbugani, kwenye udongo mweusi usio na jiwe hata la kumtupia kunguru. Akalijaza, akalifunika majani, akarudi amejitwika kichwani kwa ajili ya tai. Aliinama kwa ajili ya tai. Aliangalia huku na huku kwa ajili ya tai. Alipopita karibu na kambi ya Kifaru chini ya kilima, nya, nya, nya, Kifaru akasimamisha masikio.

"We Pimbi. Unatoka wapi?"

"Mbugani, mzee."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu."

"Na hicho ulichobeba?"

"Tope la kuziba nyufa za nyumba."

"Nyumba ambayo mwezi ukiandama si yako?"

"Hiyo hiyo."

Kifaru akacheka, lakini usiku hakulala vizuri.

Asubuhi ya pili Pimbi akapita tena, nya, nya, nya. Kifaru akamnyang'anya karai, akalisafisha tope kwa maji, kochokocho, kochokocho, akachungulia kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Hakuona hata chembe.

"Ya jana umeipeleka wapi?"

"Nimezibia ufa."

"Umeificha ukutani," akasema Kifaru, kwa sauti ya mtu anayemheshimu mwenzake.

Asubuhi ya tatu Kifaru alikuwa amekaa njiani tangu alfajiri.

"Mdogo wangu," akasema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Tuseme kama wanaume. Duara la Kakakuona liko mbugani?"

"Mzee, naapa kwa meno yangu ya mbele. Mbugani hakuna dhahabu, haijapata kuwapo. Ushauri wangu, baki hapa hapa kilimani."

Kifaru akayapima maneno hayo. Katika maisha yake yote hakuna aliyemshauri abaki mahali kwa faida yake.

Akainuka. Dho, dho, dho, mpaka ofisini. Kongoti akapokea leseni ya kilima, akaupulizia pumzi muhuri uliokauka, akapiga, ta. Akatoa leseni ya mbuga, akapuliza, akapiga, ta. Kilima kikafungwa. Pimbi wakatoka nyufani, wakaota jua mpaka likazama, wakamsifu mwenzao.

Hapo msimulizi mvivu angefunga. Mimi nimeshalipwa chai, sina haraka.

Kifaru akachimba mbugani, ku, ku, ku. Udongo mweusi ni mlaini, akazama haraka. Alipofika kina cha urefu wa pembe yake mara tatu, maji yakaanza kutoka chini. Akagundua amelaghaiwa, na kilichomuuma ni kwamba hakuweza kusema amedanganywa. Aliambiwa kweli mara tatu. Akaona haya. Akanyamaza. Akawa anatoka shimoni jioni, anaangalia huku na huku asije akakutana na mtu, amejifunika majani.

Ngiri akamuona. "Mzee, vipi huko chini?"

"Hakuna kitu."

Ngiri hakungoja salamu ya pili. Kesho yake mbugani wakawa Kifaru, Ngiri na shemeji zake Ngiri. Keshokutwa akaja Nyegere, akaja Mhanga na makucha yake. Tumbili akafungua banda la chai na maandazi. Kila aliyechimba alipata maji, na kila aliyepata maji aliona haya, akanyamaza. Na mbuga nzima iliponyamaza, nchi nzima ikajua kwamba duara limetema.

Siku moja Pimbi akamkuta shemeji yake, Kilindo, anafunga mzigo.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Mbugani."

"Kuna tai kule, Kilindo. Na hakuna dhahabu. Nilimchezea Kifaru ili atuachie kilima, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Sasa?"

Kilindo akaweka mzigo chini, akamshika bega. "Shemeji, maneno hayo yalimfaa Kifaru. Mimi nimemuoa dada yako. Mimi pia unaniambia hakuna kitu?"

"Lakini hakuna kitu."

"Haya," akasema Kilindo kwa huzuni. "Nilidhani sisi ni ndugu."

Akaenda. Akaenda mjomba, hakuaga. Akaenda shangazi, akaaga kwa maneno makali kuhusu watu wanaopenda kula peke yao. Kila mmoja Pimbi alimwambia kweli, na kila alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kukaza kamba za mizigo. Tai wakaacha kuzunguka kilima, wakahamia mbugani, na wao hawakuhitaji leseni.

Kilimani wakabaki Pimbi na mkewe. Nyufa zote zilikuwa zao. Asubuhi walikaa juu ya jiwe kuota jua, na ubavu mmoja wa kila mtu ulikuwa unapigwa na baridi.

Pimbi alitazama chini. Mbuga ilikuwa imejaa wachimbaji kama siafu, ku, ku, ku, na hakuna aliyekuwa anarudi kwao. Akawatazama siku hiyo. Akawatazama na siku iliyofuata. Alijua kuliko yeyote kwamba hakuna kitu, kwa sababu uvumi ulikuwa wake, aliutengeneza kwa mikono yake. Lakini watu wote hao? Na Kilindo hajawahi kuwa mjinga.

"Nakwenda kuwarudisha ndugu zetu," akamwambia mkewe.

"Ni vizuri, mume wangu. Lakini karai la nini?"

"La kuchotea maji."

Huo ndio uongo wa kwanza katika ngano hii. Mkewe akauamini mara moja.

Wenye haraka ya mafunzo, haya chukueni: semeni kweli kila siku, kwa kila mtu. Mtaaminiwa, na ndugu zenu mtakaa nao mpaka mwisho. Ofisi imeridhia funzo hili na kulipiga muhuri.

Nimetua mzigo wangu. Fungeni masikio, mkalale.

*Tumefunga, babu. Ila hiyo mbuga, ulisema iko upande gani?*