Tarumbeta la Eliewaha

Mungu hazeeki, huzeeka anayekuombea. Ndivyo alivyowaambia Mama Mchungaji leo, baada ya huyu Nikundiwe kusema ataanza kusali akishaoa, nanyi mkaangua kicheko. Sasa mnaniuliza msemo huo umetoka wapi. Kaeni, wajukuu zangu, niwaeleze. Umetoka hapa hapa usharikani kwetu, na kinywa kilichoutamka mara ya kwanza nilikifahamu.

Palikuwa na kijana mwenzangu katika kundi la matarumbeta, akiitwa Eliewaha. Katika milima hii yote ya Upare sijasikia mtu aliyepuliza tarumbeta kama yeye, na hilo lilinikera, nisiwafiche. Desturi yetu mnaijua: alfajiri ya Pasaka wapiga tarumbeta huanzia makaburini, kisha hupita nyumba hadi nyumba wakiwaamsha watu, Bwana amefufuka. Mama yake, Bibi Navoneiwa, alikuwa mjane, na Eliewaha ndiye mtoto wake wa pekee, tena alimpata utu uzimani. Kila Pasaka alisimama mlangoni amejifunga kitenge kipya, na tarumbeta la mwanawe alilitambua tangu ng'ambo ya bonde.

Mwaka mmoja wazee wa kanisa walitafuta mwalimu wa matarumbeta. Kila mtu alijua ni Eliewaha. Wakanichagua mimi, kwa kuwa baba yangu alikuwa mmoja wao. Eliewaha aliliweka tarumbeta sakafuni katikati ya ibada, akatoka, na juma lile lile akashuka tambarare kulima mpunga. Hakusali tena popote. Tarumbeta alilichukua mama yake akaenda nalo nyumbani.

Kila Kwaresima bibi yule aliteremka kwa miguu kwenda kumsihi. Hakuomba mchele wala kanga. Alitaka jambo moja tu, mwanawe amrudie Mungu, naye alisikie tena tarumbeta lile mlangoni pake kabla hajafumba macho. Eliewaha hakukosa udhuru: mara maji ya mfereji, mara mavuno, mara akishamaliza kujenga. Mwaka wa saba alimjibu mama yake kwa utani.

"Mama, unahangaika bure. Mungu hazeeki. Nitamkuta pale pale."

"Ni kweli, mwanangu, Mungu hazeeki," mama akasema. "Huzeeka anayekuombea."

Akapanda mlima siku hiyo hiyo, na hakuteremka tena, maana magoti yalikwisha kukataa. Ningeweza kwenda mimi badala yake. Ningemwambia Eliewaha, ndugu yangu, kiti ni chako, rudi. Sikwenda. Kiti kilikuwa kitamu, wajukuu zangu, na hadi leo kinaniwasha.

Ikapita miaka mingine mitano. Huko tambarare jirani yake Eliewaha akafiwa na mtoto, mchungaji akachelewa, watu wakamwambia, wewe si ulizaliwa kanisani, hebu tuombee. Akaanza Baba Yetu. Alipofika kwenye kusamehe, maneno yakamkimbia, akabaki amesimama kando ya kaburi la mtoto wa watu, analia. Kesho yake akafunga virago.

Alifika nyumbani Ijumaa Kuu. Nilikuwapo, nimempelekea bibi kuni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akilisugua tarumbeta kwa majivu na ndimu, kama alivyofanya kila juma. Eliewaha akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nimerudi."

Bibi alimtazama sana. "Karibu, baba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Ni mimi, mama. Eliewaha."

"Eliewaha ni mwanangu," akasema kwa upole, huku akilivuta tarumbeta upande wake. "Yuko tambarare. Kama wewe ni mtu wa kusali, niombee arudi."

Tarumbeta lile hakuliachia, kwa hiyo Pasaka nilimpa Eliewaha la kwangu. Alfajiri akapuliza mlangoni pa mama yake, machozi yanamtoka, na mimi nilijua sijapata kupiga hivyo hata siku moja. Bibi alikuwa amesimama na kitenge chake. Akaninong'oneza sikioni.

"Anajitahidi," akasema. "Lakini si kama mwanangu."

Asubuhi ile Eliewaha alitubu mbele ya usharika akarudishwa kundini. Nami nilitubu baada yake, nikamwachia uongozi. Kwamba Mungu alimpokea, sina shaka hata kidogo.

Bibi Navoneiwa aliishi miaka miwili zaidi. Kila Jumapili Eliewaha alimshika mkono mpaka kanisani, wakaketi benchi moja. Na kila Jumapili, mchungaji alipouliza nani ana haja ya kuombewa, bibi aliinuka akasema ana mwana mmoja tu, amepotea, tumwombee arudi. Tuliinamisha vichwa sote. Eliewaha naye aliinamisha, akaitikia amina.

Basi chekeni sasa. Mungu hazeeki; huzeeka anayekuombea.